Mtoa Figo Wakati wa Janga: Yaliyotokea Duniani na Yanayotuhusu Nyanda za Juu Kusini

(Hotuba iliyotolewa jijini Mbeya katika maadhimisho ya Siku ya Figo Duniani, mbele ya watumishi wa afya, wanafunzi, viongozi wa dini, wagonjwa wa figo na familia zao.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, viongozi wa dini, watumishi wenzangu wa afya, na hasa ninyi mnaochujwa damu pamoja na ndugu mliowasindikiza, shikamooni na habari za asubuhi.

Siku ya Figo Duniani huadhimishwa kila mwaka Alhamisi ya pili ya mwezi Machi. Mwaka 2020 iliangukia tarehe 12, siku moja tu baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia nzima. Tarehe 16 mwezi huohuo mgonjwa wa kwanza alithibitishwa nchini mwetu, mkoani Arusha, na siku iliyofuata shule zikaanza kufungwa. Mengi yamesemwa tangu wakati huo kuhusu barakoa, maji tiririka, chanjo na vifo. Yaliyowapata watu waliokuwa wakisubiri figo, ini au moyo wa mtu mwingine yamesemwa kidogo sana, na ndiyo niliyoombwa kuyazungumza leo.

Hoja yangu ni moja, nami nitaizunguka kwa pande kadhaa. Janga linapoingia, mtu wa kwanza kupotea katika safari ya upandikizaji ni mtoaji aliye hai. Sisi hapa nchini tunamtegemea huyohuyo. Figo zinazopandikizwa katika hospitali zetu, tangu Muhimbili walipoanza mwezi Novemba 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma walipofuata mwezi Machi 2018, hutolewa na ndugu wa mgonjwa aliye mzima wa afya, anayelala kitandani kwa hiari yake na kukubali kupasuliwa bila kuumwa chochote. Mtu huyo akizuiwa, akiogopa au akishindwa kusafiri, hakuna mlango mwingine wa kugonga.

Naomba tumtazame mtoaji kwa karibu, kwa mfano wa familia ambayo wengi wenu mtaitambua ingawa nimeiunda kwa ajili ya mazungumzo haya. Kijana wa Rungwe figo zake zimekoma kufanya kazi, naye huja mjini kuchujwa damu mara tatu kwa wiki. Dada yake, aliyeolewa Mafinga na mwenye watoto wadogo, amekubali kumpa figo moja. Kwanza hupimwa kundi la damu. Hufuata kipimo cha kulinganisha tishu, kisha damu ya mgonjwa huchanganywa na seli za mtoaji ili kuona kama mwili wa kaka una silaha zilizokwisha kuandaliwa dhidi ya seli za dada. Hupimwa shinikizo la damu, sukari, homa ya ini, virusi vya UKIMWI, protini katika mkojo, na hupigwa picha ya mishipa inayoingia na kutoka katika kila figo, kwa sababu daktari wa upasuaji anahitaji kujua kama figo ya kushoto ina mshipa mmoja au miwili kabla hajashika kisu. Huzungumza peke yake, bila kaka wala wazazi kuwapo, na mtu anayemhakikishia kwamba anaweza kukataa hata asubuhi ya upasuaji na hakuna atakayeambiwa sababu. Mume wake naye hukaa akaelezwa. Shughuli hii huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi, na baadhi ya vipimo vikikaa muda mrefu lazima virudiwe.

Sasa ingizeni janga katikati ya safari hiyo. Dada ni mzima. Hospitali imegeuka kuwa mahali ambapo mtu mzima anaweza kuambukizwa. Je, ni haki kumwita? Madaktari katika nchi nyingi waliulizana swali hilo mwezi Machi na Aprili 2020, na wengi wakajibu kwamba hapana, asubiri. Nchini Uingereza karibu programu zote za figo kutoka kwa watoaji walio hai zilisimamishwa katika majira hayo. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa wiki zile za kwanza, maana hatukujua ugonjwa unaambukizaje, vipimo vilikuwa haba, na kiapo chetu cha kutomdhuru mtu kinamlinda zaidi yule asiyeumwa. Pale ambapo usimamishaji uliendelea kwa miezi baada ya vipimo kupatikana, sina hakika tena kwamba tulikuwa tukimlinda mtoaji. Nadhani mahali pengine tulikuwa tukijilinda wenyewe.

Takwimu zinaonyesha ukubwa wa jambo hili. Utafiti uliokusanya taarifa za nchi 22 ulionyesha kuwa mwaka 2020 upandikizaji ulipungua kwa takriban asilimia 16 ukilinganishwa na mwaka 2019, yaani zaidi ya upasuaji 11,000 ambao haukufanyika. Figo zilishuka kuliko kiungo kingine chochote, kwa takriban asilimia 19, wakati moyo ulishuka kwa asilimia 5 hivi. Tofauti hiyo ina sababu yake. Mgonjwa anayehitaji moyo kwa kawaida hana mashine ya kumsubirisha kwa miaka, hivyo madaktari walimkimbilia hata katikati ya hatari. Mgonjwa wa figo ana mashine, na kwa kuwa ana mashine akaambiwa asubiri. Tena moyo hutoka kwa aliyefariki, ilhali figo nyingi hutoka pia kwa walio hai.

Marekani inaonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Mwaka 2019 watu walio hai waliotoa kiungo walikuwa karibu 7,400. Mwaka 2020 wakashuka hadi karibu 5,700, pungufu ya zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Katika mwaka huohuo watoaji waliofariki waliongezeka nchini humo, kutoka takriban 11,900 hadi takriban 12,600. Kwa maneno mengine, nchi yenye njia mbili ilipofungiwa moja ilipita katika ile ya pili, na jumla ya upandikizaji haikuporomoka sana mwaka mzima ulipohesabiwa, ingawa wiki za mwanzo zilikuwa mbaya mno.

Lakini ningekuwa sisemi ukweli wote kama ningewaachia picha kwamba kuchukua viungo kwa waliofariki ni kinga dhidi ya janga. Hispania imeongoza dunia kwa miaka mingi katika uchangiaji wa waliofariki. Mwaka 2019 ilikuwa na watoaji waliofariki 2,302. Mwaka 2020 wakawa 1,777. Ufaransa, katika wiki za mwanzo za janga, upandikizaji kutoka kwa waliofariki ulishuka kwa takriban asilimia 90. Mtoaji aliyefariki ni mtu ambaye ubongo wake umekufa huku moyo ukiendelea kupiga kwa msaada wa mashine ya kupumulia, na anahitaji kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi, muuguzi wa kumwangalia usiku kucha na daktari wa kuthibitisha kifo cha ubongo kwa utaratibu makini. Vitanda vile vilikuwa vimejaa wagonjwa wa UVIKO-19. Wauguzi walewale waliozoea kukaa na familia na kuwauliza kwa upole kama marehemu aliwahi kusema lolote kuhusu kutoa viungo walikuwa wamevaa mavazi ya kujikinga kuanzia utosini, na familia zenyewe zimezuiwa kuingia. Ni vigumu mno kumwomba mama figo za mwanawe kwa simu.

Kulikuwa pia na hofu ya kupandikiza ugonjwa pamoja na kiungo, na haikuwa hofu ya bure. Katika jimbo la Michigan, Marekani, mgonjwa mmoja alipandikizwa mapafu ya mtoaji ambaye kipimo cha puani kilionyesha hana virusi. Siku tatu baada ya upasuaji mgonjwa alianza kuugua, na ikathibitika kwamba virusi vilikuwa ndani kabisa ya mapafu aliyopewa. Alifariki, na mmoja wa madaktari wa upasuaji naye akaambukizwa. Tangu hapo vituo vingi vilianza kuchukua sampuli kutoka ndani ya njia ya hewa ya mtoaji wa mapafu na havikuridhika na puani peke yake. Baadaye ikaonekana kwamba figo, ini na moyo wa mtu aliyekuwa na maambukizi vinaweza kutumika kwa uangalifu, na vituo kadhaa, Italia ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo, vilifanya hivyo kwa matokeo mazuri. Janga hilohilo lilizaa hata wagonjwa wapya wa kupandikizwa: mwezi Juni 2020 madaktari wa Chicago walimpandikiza mapafu yote mawili mwanamke kijana ambaye yake yaliharibiwa na UVIKO-19.

Kwetu sisi, umbali uliongeza uzito. Kabla ya mwaka 2017 rufaa ya kupandikizwa figo ilimaanisha India, na hata baada ya hapo familia kadhaa zimeendelea kwenda huko kwa gharama zao. Mwezi Machi 2020 India ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa, na safari za kawaida hazikurejeshwa rasmi mpaka Machi 2022. Katikati kulikuwa na safari maalumu tu. Sisi wenyewe tulifunga anga kwa ndege za abiria za kimataifa kuanzia tarehe 12 Aprili hadi tarehe 18 Mei 2020. Hata programu zetu za nyumbani zilianzishwa kwa kushirikiana na wataalamu kutoka India na Japani, na ushirikiano wa namna hiyo unahitaji watu kusafiri. Ukitoka hapa Mbeya kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 za barabara, na anayetoka Mpanda au Sumbawanga huanza kuhesabu kilomita zake kabla hajaiona Tunduma. Mtu aliyepandikizwa anatakiwa kupimwa kiwango cha dawa katika damu mara kwa mara, hasa mwaka wa kwanza. Kila safari ya basi lililojaa ilikuwa hatari kwake kuliko kwa abiria aliyeketi pembeni yake.

Hapo nifafanue, kwa kuwa wapo hapa waliopandikizwa. Figo ya dada yako, hata ilingane namna gani na mwili wako, mwili huijua kuwa ni mgeni, na bila dawa za kushusha kinga utaishambulia. Dawa hizo, kama takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni, huizuia kinga isiishambulie figo, lakini pia huizuia isipambane ipasavyo na virusi. Ndiyo maana katika miezi ya kwanza ya janga ripoti nyingi zilionyesha kwamba waliopandikizwa waliolazwa kwa UVIKO-19 walifariki kwa kiwango cha takriban mmoja kati ya watano. Chanjo nazo zilifanya kazi pungufu kwao. Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, waligundua mwaka 2021 kuwa baada ya dozi mbili ni asilimia 54 tu ya waliopandikizwa waliokuwa na askari wa kinga wanaopimika katika damu, wakati kwa watu wazima wenye afya karibu wote huwa nao. Kwa hiyo dozi ya tatu iliidhinishwa kwao mapema, mwezi Agosti 2021, na kwa hiyo pia chanjo ya mke, mume na watoto waishio na mgonjwa ni sehemu ya tiba yake. Sisi tulizindua chanjo tarehe 28 Julai 2021, ikiwa ni ile ya dozi moja. Kwa mtu aliyepandikizwa dozi moja haikuwa inatosha.

Tena kuna jambo la jikoni. Wakati ule kila nyumba ilikuwa na sufuria ya tangawizi, vitunguu saumu, malimau na majani ya kila aina, na watu walijifukiza nyungu. Siwalaumu watu kutafuta ahueni kwa walichonacho. Lakini nawaomba waliopandikizwa waliomo humu walishike hili: balungi huongeza kiwango cha takrolimasi katika damu, wakati mwingine hadi kufikia sumu inayoiumiza figo ileile tunayoilinda, na mitishamba mingi hatujui inafanya nini ikikutana na dawa hizo. Kabla ya kunywa, piga simu kliniki.

Na anayesubiri? Watu waliambiwa wakae nyumbani. Mgonjwa anayechujwa damu hawezi kukaa nyumbani. Muda wa saa nne kila kikao, mara tatu kwa wiki, sindano mbili katika mshipa wa mkono ulioandaliwa kwa upasuaji, ule ambao ukiuwekea vidole unausikia ukitetemeka, naye ameketi katika chumba chenye wenzake kadhaa, wote wakiwa dhaifu. Chumba cha namna hiyo ni mahali ambapo virusi vya njia ya hewa hupenda. Na zaidi, UVIKO-19 wenyewe uliharibu figo za wagonjwa wengi mahututi. Katika jiji la New York, mwezi Aprili 2020, hospitali zilipungukiwa mashine na majimaji ya kuchujia damu kwa sababu ya wagonjwa wapya. Foleni ya kupandikizwa iliposimama, foleni ya mashine ilirefuka kwa pande mbili kwa wakati mmoja.

Ndugu zangu, mikoa yetu haiko gizani katika mambo ya majanga. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kiwango cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI miongoni mwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 Mbeya, mikoa mitatu inayoongoza Tanzania Bara. Tumeishi na janga kwa zaidi ya miaka 30, na limetufundisha kazi. Katika CTC zetu, yaani kliniki za tiba na matunzo kwa wenye virusi vya UKIMWI, mgonjwa mwenye hali nzuri hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja ili asisafiri kila mwezi. WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na virusi wanaowashauri wenzao, humfuata nyumbani aliyepotea kliniki. Nauliza: kwa nini aliyepandikizwa figo anayeishi Ludewa asipewe utaratibu huohuo, dawa za miezi mitatu zikiwa zimekaa katika hospitali ya karibu, damu yake ikachukuliwa hukohuko na sampuli ikasafiri badala yake? Hatuhitaji kubuni chochote. Tunahitaji kuazima kwa jirani wa mlango wa pili katika jengo lilelile.

UKIMWI umetufundisha jingine pia. Kwa miaka mingi mtu mwenye virusi hakuhesabiwa kuwa mtoaji wala mpokeaji wa kiungo. Mwaka 2008, katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Daktari Elmi Muller na wenzake walianza kupandikiza figo za marehemu waliokuwa na virusi kwa wagonjwa wenye virusi, na wengi wa wagonjwa wale wakaishi. Katika mikoa ambako mtu mzima mmoja kati ya kila kumi hivi ana virusi, hilo si jambo la kupitwa kimya. Tiba ya kufubaza virusi ikifanya kazi vizuri, mgonjwa wa figo mwenye virusi ana haki ya kuulizia upandikizaji kama mwingine yeyote.

Niguse damu, kwa kuwa hakuna upandikizaji bila akiba ya damu. Sehemu kubwa ya damu inayokusanywa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama hutoka kwa wanafunzi wa sekondari. Shule zilipofungwa kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Juni 2020, isipokuwa kidato cha sita waliorejea tarehe 1 Juni, chanzo kikuu kilikauka. Damu iliyohifadhiwa haizidi wiki sita hivi, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hukaa siku tano, kwa hiyo huwezi kuweka akiba ya kukuvusha miezi mitatu. Wachungaji, mapadri na masheikh mliopo, ibada hazikufungwa nchini mwetu wakati ule. Milango yenu ndiyo ilibaki wazi, na ndiyo ingeweza kuziba pengo hilo. Naomba kila usharika, parokia na msikiti katika jiji hili uwe na siku zake za kuchangia damu katika mwaka, zikiwa zimepangwa tangu sasa, ili siku shule zitakapofungwa tena msianze kutafutana.

Na ni kwenu hasa, viongozi wa dini, ninapoleta jambo gumu kuliko yote, la kutoa viungo baada ya kufa. Papa Yohane Paulo II aliwaambia wataalamu wa upandikizaji mjini Roma mwezi Agosti 2000 kwamba kutoa kiungo kwa njia iliyo halali kimaadili ni tendo la upendo. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliruhusu upandikizaji kwa masharti mwaka 1988. Najua hayo hayamalizi mjadala wa Wahehe, Wanyakyusa, Wasafwa au Wakinga juu ya mwili wa marehemu, juu ya nani mwenye usemi, mke, baba mdogo au ukoo mzima, na juu ya mwili kurudi nyumbani ukiwa kamili. Si jambo la kuamuliwa na daktari. Lakini linahitaji kuzungumzwa wakati wa utulivu, kwa sababu Hispania na Ufaransa zimetuonyesha kuwa wakati wa janga hata walioafikiana zamani wanashindwa kutekeleza.

Wala tusilizungumze kama vile vyumba vya wagonjwa mahututi tayari vimetosha. Mwaka 2021 nchi yetu ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ilijenga na kuweka vifaa katika vyumba vya wagonjwa mahututi na vya dharura. Majengo yapo. Yanahitaji wauguzi waliofundishwa, oksijeni isiyokatika na mafundi wa mashine wanaoishi humuhumu kandani. Mtu aliyepata ajali katika mteremko wa Kitonga anastahili kwanza kuokolewa kwa nguvu zetu zote. Pale itakapoaminika kwa kila familia kwamba tulijitahidi kuokoa maisha yake, hapo ndipo swali la viungo linaweza kuulizwa bila mtu kushuku.

Kwa yule dada wa Mafinga na wenzake walio hai, ambao kwa miaka mingi ijayo ndio tutakaoendelea kuwategemea, ninapendekeza haya yaandikwe katika mpango wa dharura wa kanda: wawe miongoni mwa wa kwanza kuchanjwa pamoja na mgonjwa wanayemsaidia, vipimo vyao vifanyike katika chumba kilichotengwa na wagonjwa wa njia ya hewa, sampuli zisafiri pale ambapo mtu hana sababu ya kusafiri, gharama za nauli na siku alizopoteza kazini zisibaki mgongoni mwake, na uamuzi wa kusimamisha upandikizaji upitiwe upya kila baada ya wiki mbili na kamati yenye mgonjwa mmoja na mtoaji mmoja ndani yake, ili usimamishaji usiendelee kwa mazoea.

Ndugu Mwenyekiti, nawashukuru kwa kunisikiliza, na niko tayari kupokea maswali, nikianzia kwa wagonjwa.